Maswali ya msitu wa kijiji na miti ya shambani huku kwetu Lindi na Mtwara

Kila nikikaa sehemu, iwe kwenye kahawa au kwenye grupu la whatsapp la kijiji, maswali ni yale yale. Msitu ni wa nani, mpingo unauzwaje, mitiki inalipa kweli, hela ya hewa ukaa inakuja lini. Nimekuwa kwenye kamati ya maliasili ya kijiji kwa muda na nina shamba la mikorosho alilonigawia marehemu baba, kwa hiyo nimeamua kuyaandika yote sehemu moja, mtu akiuliza namtumia tu linki nikaendelea na shughuli zangu.

Niseme mapema ili mtu asije akashangaa huko mbele. Watu wengi wanadhani msitu wa Kusini unaisha kwa shoka la mvuna mbao. Mimi naona unaliwa na jembe kuliko shoka, ndo maana nusu ya majibu hapa utakuta yanaongelea ufuta na korosho wakati wewe umekuja kuuliza habari za mbao.

Si misitu yote ni ya serikali? Huo "msitu wa hifadhi ya kijiji" umetoka wapi?

Sio yote. Kuna misitu ya hifadhi ya serikali kuu, hiyo iko chini ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu. Kuna ya halmashauri. Alafu kuna mapori makubwa tu ambayo yako ndani ya ardhi ya kijiji, na huku kwetu hayo ndo mengi, nenda Kilwa, nenda Liwale, nenda Nachingwea utaona. Sheria ya Misitu ya 2002, Na. 14, inaruhusu kijiji kutenga sehemu ya pori lake kikalitangaza kuwa Msitu wa Hifadhi ya Ardhi ya Kijiji na kikalisimamia chenyewe. Sera yenyewe ni ya 1998, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ni Na. 5 ya 1999, kwa hiyo hili sio jambo la jana, ni kwamba tu vijiji vingi havijaambiwa au viliambiwa na mtu aliyekuwa anawahi gari la kurudi mjini.

Tofauti iko hapa, isome mara mbili. Pori lisilotangazwa, miti ya thamani iliyomo humo kama mpingo na mninga ni miti iliyohifadhiwa kisheria, leseni ya kuikata inatolewa na ofisi ya misitu na mrabaha, yaani malipo ya kuvuna mti, unaenda huko, kijiji mnaambulia vumbi la fuso. Mkishatangaza kihalali, nyie ndo wasimamizi, mnapanga mvune miti mingapi na mnakaa na mnunuzi kuongea, na mrabaha unabaki kijijini. Msitu ni ule ule na miti ni ile ile, kilichobadilika ni karatasi.

Tukitangaza si ndo tunanyang'anywa ardhi?

Hili swali huwa linaulizwa na wazee na wala siwalaumu, watu wameona mengi. Jibu ni hapana, ardhi inabaki ya kijiji. Ila kuna kitu kweli mnapoteza, na anayewaambia hampotezi kitu anawadanganya: mnapoteza uhuru wa kila mtu kuamka asubuhi na panga akafyeka anapotaka. Ndo maana mpango wa matumizi bora ya ardhi unatangulia, mkae mpange hapa mashamba, hapa malisho, hapa makazi, hapa akiba ya watoto, hapa msitu. Kijiji kikitenga msitu mkubwa kuliko uwezo wake, baada ya miaka mitano vijana hawana pa kulima na watauingia tu, hata mweke askari.

Hatua zikoje?

Mipaka ya kijiji na cheti cha ardhi ya kijiji. Mkutano mkuu wa kijiji unakubali na kuchagua kamati ya maliasili. Mpango wa matumizi ya ardhi. Kupima mpaka wa msitu kwa jipiesi, alafu kuhesabu miti. Mpango wa usimamizi pamoja na sheria ndogo, zinapita mkutano mkuu, zinaenda halmashauri kwenye baraza la madiwani. Halmashauri inasajili.

Kuandika ni dakika mbili, kufanya ni miaka. Kinachochelewesha sana ni mpaka na kijiji jirani, hasa pale ambapo babu zenu walikuwa wanajua mpaka ni mwembe fulani na mwembe wenyewe ulishaanguka.

Kuhesabu miti ndo sehemu ninayoipenda mimi. Mnaingia porini na kamba, mnatengeneza vipande vya sampuli, mnapima kila mti mkubwa kwenye usawa wa kifua, mita 1.3 kutoka chini. Mzee mmoja wa kamati yetu anataja jina la mti kwa kunusa ganda lililokwanguliwa, yule kijana wa chuo na kitabu chake bado anafungua kurasa. Mkongo hapo, mpangapanga pale, mtondoro kila mahali. Mkitoka humo mnajua mna nini, na hakuna dalali atakayewaambia tena "huku kwenu hamna kitu, nawasaidia tu."

Kuna kijiji kimefanikiwa kweli au ni stori za semina?

Vipo. Kikole na Kisangi, wilaya ya Kilwa, vilianza mapema na mwaka 2009 vikaingia kwenye cheti cha FSC, cheti cha kimataifa cha msitu unaosimamiwa vizuri, kupitia shirika la MCDI, yaani Mpingo Conservation and Development Initiative. Hicho kilikuwa cheti cha kwanza Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na jamii, yaani sio wa kwanza Tanzania, Afrika nzima, na ni Kilwa. Nanjirinji nao wakaja. Hela za mbao kwenye vijiji vya namna hii zimekuwa zikienda kwenye madarasa, visima, nyumba za walimu, mambo ambayo zamani mlikuwa mnachangishwa.

Cheti kinamwambia mnunuzi wa ng'ambo kwamba mti huu umekatwa kihalali na unaweza kufuatiliwa mpaka kwenye kisiki chake. Ila soko lenyewe linaenda kwa mawimbi, mwaka huu wanunuzi watatu, mwakani hata mmoja haonekani. Usijenge zahanati kwa hela ambayo haijaingia akaunti.

Mpingo una nini hasa mpaka watu wanagombania?

Kwanza ni mti wenyewe, haulingani na mti mwingine. Ukikata gogo bichi unaona ganda jembamba la rangi ya maziwa alafu ndani kiini cheusi kinakaribia zambarau, kizito mpaka ukikitupa majini kinazama. Wachongaji wa Kimakonde wameishi nao miaka yote. Wazungu wanautaka kwa klarineti, obo na zile zumari za mfuko za Waskochi, mana hauvimbi ovyo na unakubali kutobolewa bila kupasuka.

Shida yake ni umri. Mpaka ufikie unene wa kuvunwa, hesabu miaka 70 mpaka 100, huo mti anaoukata mjukuu uliota babu akiwa mtoto. Na mingi imejipinda au ina tundu katikati, ndo maana kwenye gogo zima mnunuzi wa vyombo vya muziki anatoa kipande kidogo tu. Mpingo na karibu ndugu zake wote wa Dalbergia wako CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, orodha ya pili, tangu 2017, kwa hiyo kuusafirisha nje kunataka kibali. Vyombo vya muziki vilivyokamilika vililegezewa 2019.

Ukikata vizuri mizizi inachipua tena. Ukichoma moto mkali juu ya kisiki, machipukizi nayo yanakwenda.

Mnunuzi amekuja na hela mkononi, anataka miti ishirini leo leo. Tufanyeje?

Mpeni chai. Alafu muulizeni karatasi.

Sisi tulishaingizwa mjini mara moja, kabla hatujatangaza msitu. Alikuja bwana mmoja, msafi, anaongea vizuri, akasema analipa kwa mti, sio kwa ujazo. Tukaona sawa, mti ni mti. Akachagua ile iliyonyooka, minene kuliko yote, akakata, akachukua gogo la chini tu lile zuri, lingine akaliacha linaoza. Tukaja kupiga hesabu baadaye kwa mita za ujazo, aisee, nilikosa usingizi. Kwa hiyo sa hivi kanuni yetu ni: pima mti ukiwa umesimama, bei kwa ujazo, analipia hata kile atakachokiacha porini, hela inaingia benki kwanza na risiti inaonekana, ndo shoka linaguswa.

Kabla ya kukubaliana gongeni mti na kisogo cha shoka msikilize, mkongo mzee ukilia kama ngoma ujue ndani mtupu, msimbebeshe mtu gogo lenye pango alafu mkagombana.

Uvunaji wenyewe lazima uwe kwenye mpango uliopitishwa, na tangu kanuni za 2019 kamati ya uvunaji ya wilaya nayo lazima ihusike, kwa hiyo anayetaka "leo leo" ana sababu yake ya kukimbia. Gogo na kisiki vyote vinagongwa nyundo yenye alama. Gari linatembea na hati ya kusafirishia mazao ya misitu. Ukisikia fuso linaunguruma porini saa nane usiku, hilo litilie shaka, hata dereva akuoneshe bunda la makaratasi.

Lini ndo mambo yaliharibika hivi?

Wazee watakwambia ni daraja. Daraja la Mkapa pale Rufiji lilifunguliwa 2003. Kabla yake ulikuwa unasubiri kivuko, na mvua zikikolea Kusini tunakuwa kisiwa. Lilipofunguliwa maisha yakawa rahisi, bidhaa zikafika, wagonjwa wakafika Muhimbili, na magogo nayo yakafika bandarini Dar. Ile miaka kama mitatu minne iliyofuata magogo yaliondoka huku hovyo sana mpaka serikali ikaja kukaza na kuzuia kusafirisha magogo nje ya nchi.

Nina mninga umeota wenyewe shambani kwangu, naweza kukata nitengeneze kitanda?

Usikate kwanza. Kuota shambani kwako hakuuondolei ulinzi wake, nenda serikali ya kijiji, waende na wewe kwa afisa misitu. Uliopanda mwenyewe ni habari nyingine, huo ni mali yako kama mkorosho wako, ila ukitaka kusafirisha mbao zake bado utahitaji karatasi za njiani. Piga picha miche yako ikiwa midogo, weka kumbukumbu kijijini, miaka ishirini mbele asije mtu akakwambia umeiba porini.

Kwa nini unausema sana ufuta? Ufuta ndo unatusomeshea watoto.

Na mimi nilisomeshewa nao, usinielewe vibaya. Angalia lakini tunavyoulima. Unafyeka pori jipya mwezi wa tisa wa kumi, unachoma, mvua zikitulia kidogo unapanda, Januari Februari hivi. Mwaka wa kwanza magugu hakuna, majivu yapo, ufuta unatoka mpaka unaita majirani. Mwaka wa pili magugu yamekusikia. Mwaka wa tatu palizi inakula hela yote na mavuno yameshuka, unaacha unahamia pori lingine. Kila mtu akifanya hivo, na bei ya mnadani ikiwa nzuri kila mtu anaongeza eka, msitu unaondoka bila hata mbao moja kuuzwa. Ile miti mizuri inachomwa imesimama. Nimeona mpingo umechomwa kwa kuchimbiwa moto shinani, mtu anapisha ufuta wa miaka miwili.

Na sio sisi tu tuliowahi kudhani ukifagia pori pesa inaota. Waingereza walikuja Nachingwea na mradi wa karanga, 1947, matrekta, reli mpaka Mtwara, bandari ya Mtwara yenyewe ilijengwa kwa sababu hiyo. Walifagia miti maelfu ya eka. Mwaka 1951 wakafunga. Bandari imebaki, inabeba korosho, reli ilishang'olewa.

Sawa, sasa ufuta nilimeje bila kufyeka pori kila mwaka?

Hapa ndo kwenye kazi. Jambo la kwanza ni mbegu. Pale Naliendele, Mtwara, kuna kituo cha TARI, yaani Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, wametoa mbegu za ufuta zenye majina ya kwetu kabisa, Lindi 02, Mtwara 09, na zile za zamani Naliendele 92 na Ziada 94. Bado kuna watu wanapanda mchanganyiko uliotoka kwenye gunia la shangazi.

Jambo la pili, panda kwa mistari. Najua kurusha ni haraka, ila ukirusha huwezi kupalilia kwa jembe bila kuua nusu ya ufuta, ndo maana magugu yanakushinda na unakimbilia porini. Mistari ya nusu mita, unapita katikati, palizi inawahi.

Alafu zungusha mazao. Mwaka wa ufuta ufuatiwe na mbaazi au kunde au njugu mawe. Mbaazi wengi waliichukia tangu 2017 India walipofunga mlango bei ikaanguka mpaka watu wakaacha mbaazi shambani, naelewa, lakini kwa udongo hamna kama yeye, majani yanadondoka, mizizi inaleta mbolea ya hewani, na vijiti vyake ni kuni za miezi, mama watoto haendi porini.

Mikorosho si nayo ni miti? Shamba la korosho si msitu tu?

Kwa kivuli na kwa kushika udongo, ni bora mara mia kuliko kipara. Ila usijidanganye kwamba ni msitu. Kufyeka msitu wa asili upande mikorosho bado ni kufyeka msitu.

Kwenye mikorosho ndo kilimo mseto chetu kinaanzia, na wala hatukufundishwa na mradi, nenda pwani yoyote kuanzia Kilwa hadi Mikindani utakuta mnazi juu, mkorosho na mwembe katikati, mihogo na kunde chini. Ushauri wa kitaalamu ni mita 12 kwa 12, inakuja mikorosho 28 kwa eka. Mtu akisikia 28 anaona anaibiwa, anapanda 60, miaka kumi mbele matawi yamegombana, jua haliingii, ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, unakaa kama nyumbani na salfa unapuliza mpaka pumzi inaisha. Panda 28. Ile miaka mitatu minne ya mwanzo mikorosho ikiwa midogo, katikati hapo ni shamba lako la karanga, njugu mawe, kunde, hata ufuta huo huo. Mihogo isisogee karibu na shina. Kwa hiyo ufuta wako unaingia kwenye mikorosho michanga badala ya kuingia porini, na palizi moja inahudumia vyote viwili.

Mikorosho ya marehemu baba ilikuwa imezeeka, mingine inatoa korosho tatu na majani. Sikung'oa yote kwa mkupuo, nilikata safu moja moja, mingine nikaikata kimo cha kiuno ikachipua nikabebesha kikonyo, yaani kijiti cha kupandikiza, cha mbegu bora kutoka Naliendele. Jirani alicheka kweli kweli. Sa hivi anakuja kuomba vikonyo.

Mti gani mwingine nichanganye shambani?

Inategemea unataka nini. Unataka mbolea na kuni: gilirisidia, unachomeka fimbo tu mvua za kwanza inashika, unaipogoa kabla ya kupanda na majani unayafukia, na ukiipanga mpakani inakuwa ua hai. Lusina pia, ila hiyo usipoikata inatapakaa kama uvumi. Unataka nguzo na kuni za haraka: mjohoro, lakini mpakani, sio katikati ya mazao. Unataka kula: mwembe, mfenesi, mkwaju, mlimao.

Na mti wa bure kuliko yote ni ule ulioota wenyewe. Wakati wa kufyeka, visiki vinavyochipua usivimalize vyote, chagua kimoja hapa kimoja pale, kiachie chipukizi moja lililonyooka, kata mengine. Miaka michache una miti na hujanunua mche hata mmoja.

Mitiki inalipa? Naambiwa nipande eka kumi niwe tajiri.

Rondo kuna shamba la miti la serikali na mitiki imekubali, kwa hiyo udongo wetu sehemu nyingine unafaa. Lakini ni miaka 20, 25 na kuendelea, na chini ya mitiki iliyobanana hakuoti kitu, mvua ikipiga udongo unaondoka. Anayekuuzia miche atakwambia bei ya mbao ya leo, hatakwambia habari ya kupunguzia miti, kupogoa, na moto wa jirani mwaka wa tano. Mimi ningekushauri mistari mpakani na kando ya njia, eka kumi waachie wenye mishahara.

Mikaratusi kwenye vyanzo vya maji, tafadhali usiguse. Kule juu Makonde, Newala na Tandahimba, mvua inazama kwenye mchanga inakwenda kutokea chini bondeni, maji ya mradi yanapandishwa kutoka Mitema. Ile miti ya asili kwenye miteremko ndo inashika maji hayo. Waulize akina mama waliokuwa wanashuka bonde na ndoo usiku.

Moto unatumaliza kila mwaka, tufanye nini?

Kuchoma mapema. Mwishoni mwa mvua, Mei Juni, nyasi zikiwa nusu kijani nusu kavu, kamati inachoma vipande vipande jioni upepo ukitulia. Moto unatambaa, unajizima kwenye umande. Ukisubiri mwezi wa tisa wa kumi nyasi zimekuwa baruti, moto unapanda mpaka juu, unaua miche na unaacha kidonda kwenye shina ndo yale mapango niliyosema.

Wanaowasha tunawajua. Mwenye shamba ambaye hakuzungushia njia ya moto. Mrina asali anayetumia mwenge na kuutupa. Na wawindaji wa samaki nchanga. Kwa mgeni, samaki nchanga ni panya wa porini, kitoweo cha heshima kabisa huku, na vijana wanachoma vichaka wamtoe. Kumkataza mtu kitoweo ni kazi bure, sisi tuliongea nao watumie mitego na mbwa, na atakayeonekana na kiberiti analipa faini ya sheria ndogo. Wengi wamekubali, wawili watatu bado.

Hili ndo liko juu ya yote kwa wenye korosho pia. Moto ukiingia mwezi wa nane mikorosho ikiwa na maua, msimu umekwisha, hakuna fidia.

Tukitangaza msitu, kuni na ming'oko (viazi vya porini) ndo basi?

Hapana jamani. Sheria ndogo mnaandika wenyewe, andikeni kuni kavu ruksa, uyoga ruksa, dawa ruksa kwa utaratibu, ming'oko ruksa. Kijiji kinachokataza ming'oko kitapata uasi wa mabibi na mimi nitakuwa upande wao.

Ming'oko yenyewe ina adabu yake. Bibi yangu alikuwa anafuata ule mtambaa mpaka shinani, anachimba pembeni kwa kijiti sio juu yake, anatoa kiazi na kuacha kichwa, alafu anafukia shimo na kulikanyaga. Mwakani anarudi pale pale. Hawa vijana wanaochimba kwa ajili ya kuuza mjini wanang'oa na kichwa na kuacha mashimo, ndo mana mwaka huu wanatembea mbali kuliko mwaka jana.

Mkaa je?

Mkaa bila kibali ni kosa, na kibali kinapitia kijiji na ofisi ya misitu. Mkitaka kuvuna mkaa kihalali mtenge eneo lake kwenye mpango, mkate vipande kwa zamu, mkiacha visiki virefu vichipue na ng'ombe wasiingie.

Kinachonichekesha, au kinachoniliza, gesi asilia inachimbwa Mnazi Bay na Songosongo, yote ni Kusini, bomba linaenda Dar, na mama hapo Mtwara mjini anapuliza mkaa. Serikali ina mkakati wa nishati safi ya kupikia, 2024 mpaka 2034, asilimia 80 ya Watanzania wafikiwe. Tuko hapa tunasubiri.

Hela za hewa ukaa zinakuja lini?

Hizi ni hela za kulipwa kwa kuacha msitu umesimama ukatunza hewa ukaa, usipange nazo harusi. Lindi vijijini tulishawahi kuwa na mradi wa majaribio wa mashirika ya uhifadhi wa misitu ya TFCG na MJUMITA kwa fedha za Norway, kuanzia 2009, na watu walijifunza mengi, hasa kupanga matumizi ya ardhi. Sa hivi kuna kanuni za biashara ya kaboni za 2022 na kituo cha taifa cha kaboni kipo SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Kwa hiyo akija mtu na mkataba: amesajiliwa? Mkataba ni wa miaka mingapi? Mgao wa kijiji ni asilimia ngapi ya mauzo, sio ya "faida baada ya gharama"? Umesomwa kwa Kiswahili mbele ya mkutano mkuu? Mwenyekiti akisaini peke yake chumbani, huo mkataba ukataeni.

Tembo na ng'ombe?

Tembo: uzio wa kamba yenye pilipili na oili chafu, mizinga ya nyuki, na toeni taarifa wanyamapori mapema, wale wa Liwale na Nachingwea mnajua shida yake kuliko mimi. Ng'ombe: wafugaji wapo na hawaondoki, tengeni malisho na njia ya maji kwenye mpango wa ardhi, vinginevyo malisho yao yatakuwa msitu wenu.

Mikoko ya ufukweni nayo tunaweza kutangaza?

Hapana, mikoko ni hifadhi ya serikali. Mnaweza kuingia kwenye usimamizi wa pamoja, kukata bila ruhusa usijaribu.

Kamati imekula hela, tunafanyaje?

Kamati iko chini ya halmashauri ya kijiji na halmashauri ya kijiji iko chini ya mkutano mkuu. Mapato na matumizi yasomwe kila robo mwaka na yabandikwe ubaoni, kiasi kwa kiasi, hadi ya betri za tochi. Wasiposoma, itisheni mkutano. Na muwe wakweli pia, mnataka watu wafanye doria siku tatu porini bila posho wala buti alafu mnashangaa wakiongea na wenye misumeno. Yetu ilikula mara moja. Tuliibadilisha nusu, tukaongeza akina mama, na mweka hazina sa hivi ni mama ntilie mmoja ambaye hata deni la chapati la mwaka juzi analikumbuka.

Miche napata wapi na napanda lini?

Uliza ofisi ya misitu ya wilaya na TFS, mikorosho uliza Naliendele au AMCOS yako, yaani chama cha ushirika cha wakulima. Kama unaotesha mwenyewe, anza kiangazi ili Desemba Januari mvua zikikolea mche uwe umefika urefu wa mkono. Kitalu kiwe kivulini karibu na maji, viriba vipangwe kwenye jua kidogo wiki mbili za mwisho vizoee shida. Siku ya kupanda panda asubuhi au jioni, chana kiriba ukitoe chote, nimeona watu wazima na akili zao wanafukia mche na plastiki yake alafu mwezi wa nne wananiambia mbegu ilikuwa mbovu.